Mama Simu wa Ilomba: Maisha ya Severina Bartholomeo Kikoti (1956–2025)

Ndugu waombolezaji, majirani wa Ilomba, na ninyi mliosafiri kutoka Iringa, Kilolo na Madibira: familia imeniomba mimi, Liberatus Kikoti, mdogo wake marehemu, niwasomee habari za maisha yake. Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, kwa hiyo nimezoea kusoma mbele za watu. Hata hivyo, mtanivumilia nikisimama kidogo hapa na pale.

Severina Bartholomeo Kikoti alizaliwa tarehe 14 Agosti 1956 huko Kilolo, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Bartholomeo Kikoti na mama yetu Anastazia. Wazazi wetu walikuwa wakulima wa mahindi na njegere. Alibatizwa akiwa na umri wa wiki tatu, na mama alizoea kusema kwamba siku hiyo alilia kanisani mpaka padri akasoma kwa kupaza sauti ili asikike. Huyo ndiye dada yetu. Tangu mwanzo hakuwa mtu wa kusemewa.

Alisoma shule ya msingi Kilolo kuanzia mwaka 1964 hadi 1970. Mwaka 1971 alichaguliwa kwenda sekondari ya wasichana, akiwa msichana pekee kutoka darasa lake. Baba alimsindikiza kwa miguu na sanduku la bati kichwani, na walitumia siku nzima. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1974. Alitamani kuwa muuguzi, lakini kwenye usaili mmoja mtu aliyekuwa akiwahoji wasichana alimsikia akijibu maswali akasema, "Binti, wewe ungefaa kwenye simu. Kila neno lako linafika." Hakujua kama amesifiwa au amekataliwa. Mwaka 1975 alipelekwa Dar es Salaam kwa mafunzo, na tarehe 2 Februari 1976 akaanza kazi ya opereta mjini Iringa.

Vijana waliopo hapa hawaijui kazi hiyo, kwa hiyo niieleze. Wakati ule, ukitaka kuongea na mtu wa mji mwingine, hukubonyeza namba ukampata. Uliagiza simu kwa opereta. Yeye alikaa mbele ya ubao wenye matundu mengi, akachomeka waya kwenye tundu lako, akatafuta mji wa pili, akachomeka huko, kisha akasema, "Ongeeni." Dada alipenda neno hilo kuliko mengine yote ya kazi yake. Aliniambia kwamba kila alipolisema alihisi amefungua mlango wa nyumba ya watu.

Kwa simu hizo ndipo alipopata mume. Mwaka 1979 Bwana Rabson Mwakilema, ambaye amekaa hapa mbele yetu, alikuwa fundi wa mawasiliano ya reli pale Makambako. Siku moja ya masika aliagiza simu ya Iringa kuulizia vipuri, na laini ikawa inakatika kila wakati. Rabson alikasirika.

"Iringa, mmenikata tena!"

"Sijakukata mimi, kaka. Mvua ndiyo imekukata. Subiri."

Alisubiri dakika arobaini. Kila baada ya dakika chache ile sauti ilirudi, ikamwuliza kama bado yupo, ikamweleza nguzo ipi imeanguka na mafundi wamefika wapi. Vipuri alivipata. Jumamosi iliyofuata akapanda gari hadi Iringa, akaingia ofisi ya simu, akamwambia karani wa kaunta, "Namtafuta Iringa."

Karani akamjibu, "Iringa yote ni hii, mzee. Unataka mtaa gani?"

Dada yangu alikuwa nyuma ya ukuta, akaisikia sauti ile akaitambua. Alitoka akicheka na hedifoni bado iko shingoni. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 26 Septemba 1981 katika Kanisa Katoliki mjini Iringa. Mwaka uliofuata shemeji alihamishiwa Mbeya, dada naye akaomba uhamisho, wakajenga hapa Ilomba. Mungu akawajalia watoto watatu: Anjela, Abrahamu na Esta.

Kuna jambo moja la miaka hiyo ambalo Mama Veneranda, jirani yake, ametupa ruhusa tulisimulie. Mwaka 1984 ilikuja simu kutoka Songea ikimtafuta mjomba wake Veneranda. Dada aliiunganisha, na kwa kuwa alitakiwa kusikiliza kidogo kuhakikisha laini imeshika, akasikia kwamba kaka yake Veneranda amefariki. Sheria ya kazi ilikuwa kwamba unachosikia kwenye waya ni cha wenyewe. Alipotoka zamu mchana alikutana na Veneranda sokoni, anachagua nyanya, anacheka na muuzaji. Dada hakumwambia. Alichukua kikapu cha Veneranda, akakibeba mpaka nyumbani kwao huku wakizungumza habari za bei ya ndizi, akakiweka mlangoni, akaondoka wakati mjomba na wenzake wanafika na habari.

Baadaye Veneranda alimwuliza, "Ulijua?"

"Nilijua."

Hawakusemezana karibu miaka miwili. Baada ya hapo wakawa marafiki mpaka Jumanne iliyopita.

Mitambo ya kujiunganisha yenyewe ilipoenea, maopereta hawakuhitajika tena. Dada alipunguzwa kazini mwezi Juni 1998, baada ya miaka ishirini na miwili. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Alirudi nyumbani akashona sare za shule na vitambaa vya makochi. Hakulalamika, lakini shemeji anasema alikuwa akishona huku redio imezimwa, na nyumba ile haikuwahi kuwa kimya namna hiyo.

Mwezi Julai 2003 Anjela alikwenda India, mji wa Pune, kusomea ufamasia. Simu ya kwenda India ilikuwa ghali mno. Walimudu dakika tatu kwa mwezi, na mbili kati ya hizo zilikwisha kwa kusalimiana. Ndipo Anjela akaandika kwa barua pepe kwamba wanafunzi wenzake wanaongea na wazazi wao kupitia kompyuta, kwa intaneti, na gharama yake ni ndogo sana. Dada aliisoma barua hiyo mara mbili kwenye intaneti kafe ya mjini, kisha akamwuliza kijana wa pale, "Sauti inapita wapi?" Kijana hakujua. Dada akarudi kesho yake, na kesho kutwa, mpaka akapata wa kumweleza.

Yeye ndiye aliyenieleza mimi, na sijawahi kusikia maelezo bora zaidi. Alisema, "Liberatus, simu ya zamani ni barabara moja ambayo unaikodi yote peke yako mpaka umalize kuongea. Hii nyingine ni tofauti. Sauti inapukuchuliwa kama mahindi. Kila punje inaandikwa inakokwenda, inasafiri pamoja na punje za watu wengine, na huko mbele zinapangwa tena kwenye gunzi. Punje zikichelewa, unasikia mapengo."

Aliuza cherehani zote mbili. Akapanga chumba cha mbele katika nyumba ya Bwana Mrisho, mfanyabiashara wa vitambaa hapa Ilomba, akaweka kompyuta nne, hedifoni nne, na vibanda vya mbao laini vilivyozibwa kwa magodoro ya zamani ili mtu asimsikie mwenzake. Juu ya bati shemeji alifunga sahani ya setilaiti, na chini ya meza akapanga betri za lori kwa ajili ya siku za kukatika umeme. Walifungua mwezi Novemba 2003. Watu walimwita Mama Simu kabla hata kibao hakijapakwa rangi.

Sauti ilichelewa kidogo kufika, kwa hiyo watu waliokuwa wanajibizana haraka waligongana maneno. Dada aliwafundisha wote: "Sema, hesabu moja mpaka mbili, mwache na mwenzako aseme." Mawingu yakitanda juu ya mlima Loleza sauti zilikuwa na mapengo, na mteja akilalamika, dada hakuchukua hela yake. Walikuja wazazi wenye watoto China na India. Walikuja wafanyabiashara wa mpunga kutoka Madibira kuongea na wanunuzi wa nje, wakiwa wamevaa makoti yao ya sherehe, kana kwamba mtu wa upande wa pili angewaona. Dada aliwapokea kwa "Kamwene" hata wale wasiojua Kihehe.

Mteja wake mpendwa alikuwa Bi Mwantumu, mama yake Mrisho. Binti yake, Yasmini, aliolewa Muscat. Kila Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri Bi Mwantumu aliingia kibanda cha pili, akavaa hedifoni juu ya ushungi, na kwa nusu saa hakuna aliyethubutu kukohoa.

Alhamisi tarehe 13 Mei 2004 walikuja wakaguzi, wakiwa na askari. Kuuza simu za intaneti kulihitaji leseni, na dada hakuwa nayo. Alidhani leseni ya biashara ya intaneti inatosha. Walichukua kompyuta zote na sahani, wakafunga mlango kwa utepe. Wakaguzi walifanya kazi yao, na dada mwenyewe hakuwahi kuwalaumu. Lakini vifaa vilibebwa mchana kweupe, mtaa mzima umesimama, na mtu mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe Mama Simu alikuwa anaiba." Alinipigia Kilolo jioni ile. "Miaka ishirini na miwili nimelinda simu za serikali," aliniambia. "Leo naitwa mwizi wa simu." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia analia tangu tulipomzika baba.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Bi Mwantumu alifika kama kawaida, akaukuta utepe, na dada ameketi nje kwenye kigoda.

"Yasmini anajifungua wiki ijayo," Bi Mwantumu akasema. "Alisema leo ataniambia daktari kaamuaje. Sasa mwanangu, nitafanyaje?"

Dada aliinuka. Akamshika mkono wakaenda mjini hadi kwenye simu ya kadi pale posta. Alinunua kadi, akapiga namba ambayo alikuwa ameihifadhi kichwani, kama alivyohifadhi namba zote. Yasmini akapokea, akashangaa.

"Mama, mbona leo sauti yako iko karibu hivi?"

"Niko mjini tu, mwanangu. Sema, daktari kasemaje?"

Yasmini akasema atapasuliwa Jumatano. Akaanza kusema jambo jingine, na kadi ikaisha. Bi Mwantumu alibaki ameshika mkono wa simu. Dada alitafuta mkobani hela ya kadi nyingine, haikutosha. Nadhani hilo lilimuumiza kuliko utepe.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, na habari zilikuja kwa ujumbe mfupi kwenye simu ya Mrisho. Lakini dada alikuwa ameamua. Akaniomba nimwandikie barua kwa mamlaka husika. Niliandika barua nzuri, yenye kurasa mbili, nikaeleza shida zake na moyo wake wa toba. Aliisoma, akaichana mbele yangu.

"Umeniombea msamaha," akasema. "Mimi naomba kibali."

Aliandika yake, aya moja. Alisafiri Dar es Salaam mara tatu kwa basi. Afisa mmoja alimwuliza, "Mama, unajua ulichokuwa unafanya ni kosa?" Akamjibu, "Sasa najua. Ndiyo maana nimekuja. Nionyesheni njia iliyo halali, na mimi nitaipita." Yule afisa alimtazama, akavuta kiti, akamwambia akae.

Miezi ilipita. Anjela huko Pune alirudi kwenye dakika zake tatu. Chumba kilikaa kitupu, na watu walimfuata Mrisho wakitaka kukipanga, mmoja wa duka la viatu, mwingine wa saluni. Dada mwenyewe alimwendea. "Mrisho, mdogo wangu, nimekuja kukurudishia ufunguo. Usipate hasara kwa ajili yangu."

Mrisho hakuupokea. "Dada, mimi mama yangu kila Ijumaa anatoka msikitini anakuja kusimama pale mlangoni. Nikiweka viatu mle ndani nitamwambia nini?"

Mwaka uliofuata ilipatikana njia ya watu wadogo kama yeye kufanya kazi hiyo wakiwa mawakala wa kampuni yenye leseni. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilimkubali. Alirudishiwa kompyuta tatu zinazofanya kazi na moja iliyokufa, na Ijumaa tarehe 22 Aprili 2005 akafungua tena, kibali kikiwa kwenye fremu ukutani. Simu ya kwanza alimwekea Bi Mwantumu, na siku hiyo dada aliomba ruhusa ya kusimama karibu.

"Mlete karibu na maikrofoni," Bi Mwantumu alimwambia Yasmini. "Nimeambiwa anatambaa, na mimi sijamsikia hata akilia."

Mtoto hakulia. Bi Mwantumu alikaza hedifoni kwa mikono miwili, akafumba macho muda mrefu, kisha akamgeukia dada akanong'ona, "Anapumua. Namsikia anapumua."

Dada alitoka nje. Shemeji alimkuta nyuma ya nyumba amesimama peke yake, akamwuliza kama mtambo umeharibika. Akamjibu, "Hapana, Baba Anjela. Umepona."

Miaka kumi iliyofuata ilikuwa ya neema. Vibanda vilifika sita. Alifundisha wasichana kumi na wawili kazi hii, na wanne kati yao wana ofisi zao leo, Iringa, Makambako na hapa Mbeya. Chama cha wakulima wa mpunga Madibira kilimwomba aunganishe ofisi yao na ghala kwa simu za intaneti, naye akaenda mwenyewe, na miaka sitini ilikuwa haiko mbali, akapanda ngazi kukagua antena huku wanaume wamesimama chini wakimsihi ashuke.

Kisha zikaja simu za kisasa za mkononi, na zile programu ambazo sasa kila mmoja wenu anazo mfukoni. Wateja walianza kumjia na simu mpya walizotumiwa na watoto wao. "Mama Simu, tuwekee na sisi." Aliwawekea. Wasichana wake wakamwambia, "Mama, unajua ukimwekea huyu harudi tena?" Alijua. Hakumtoza mtu hata senti, na kila mmoja alimkalisha chini mpaka apige simu ya kwanza mwenyewe. Bi Mwantumu, Mungu amrehemu, alikuja na yake mwaka 2015. Alipomwona Yasmini kwenye kioo alicheka kama msichana, kisha akauliza, "Sasa Ijumaa nitakwenda wapi?"

"Utakuja kunisalimia," dada akamwambia. Na alikuja, kila Ijumaa, mpaka alipofariki.

Ofisi ilifungwa tarehe 31 Desemba 2016. Hapakuwa na utepe wala askari. Alifagia, akafuta vumbi kwenye hedifoni moja baada ya nyingine, akamkabidhi Mrisho ufunguo, na safari hii Mrisho akaupokea. Wengi wetu tunaukumbuka mtaa ule ulivyokuwa: viti vya wanaosubiri, harufu ya mbao za vibanda, mtu anatoka kibandani anafuta macho na wote wanamwuliza, "Wazima?" naye anajibu, "Wazima." Tulijua habari za watoto wa kila mtu. Siku hizi kila mmoja anaongea na wa kwake chumbani mwake, na ni vizuri, lakini hatuulizani tena.

Marehemu aligundulika kuwa na shinikizo la damu mwaka 2012, na mwaka 2021 madaktari walisema moyo umepanuka. Alitumia dawa kwa uaminifu, akisimamiwa na Esta, ambaye ni muuguzi. Mwezi Novemba 2024 miguu ilianza kuvimba na pumzi kuwa fupi. Alilazwa hapa Mbeya mara mbili, Desemba na Februari. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa upole wao.

Anjela sasa anaishi Uingereza, mji wa Leicester. Katika ugonjwa wote alimpigia mama yake kila siku kwa picha. Walisali pamoja, aliulizia dawa, alimwonyesha theluji dirishani. Jumatano tarehe 26 Februari nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda. Anjela aliuliza, "Mama, leo unanisikia? Mtandao unasumbua?"

Dada akajibu polepole, "Nakusikia vizuri kabisa, mwanangu. Uso wako nauona. Hakuna pengo hata moja. Sasa njoo."

Anjela alifika Jumatatu tarehe 3 Machi. Aliingia chumbani na koti la baridi bado liko mwilini. Simu yake ikaita, akataka kuitazama, mama yake akanyoosha mkono, akaichukua, akampa Esta aipeleke sebuleni. Siku nane hizo hawakuongea sana. Anjela alimkanda miguu, akamsuka nywele, akalala naye kitanda kimoja kama alivyokuwa akilala utotoni. Nilipopita mlangoni niliwakuta wamenyamaza wote wawili, wanatazamana, na sikuona kama kuna lililopungua.

Severina alifariki nyumbani kwake Ilomba, Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane. Mume wake alikuwepo, na watoto wake wote watatu. Mkono wake ulikuwa katika mkono wa Anjela.

Ameacha mume, Bwana Rabson Mwakilema, watoto watatu, Anjela, Abrahamu na Esta, wajukuu saba, mimi mdogo wake, pamoja na wasichana kumi na wawili aliowafundisha kazi, ambao wameomba wahesabiwe miongoni mwa watoto, na familia imekubali.

Bwana ampokee mja wake Severina, ampe pumziko, na amani yake iwe juu yake daima.